Herufi ya Mwisho

Fundi wa kupanga maandishi pale Kanduyi hupangusa kila kitufe cha kompyuta kwa kitambaa kabla ya kuanza kazi, na akifika kwenye mlinganyo wa hesabu hushusha sauti kama mtu aliye kanisani. Juu ya meza yake amebandika karatasi moja tu, yenye jina la programu anayopangia hesabu: LaTeX. Nyaguthii, mwalimu wa hesabu, alikuwa ametoka Kitale kuchukua tasnifu ambayo angeitetea Jumatatu mbele ya maprofesa. "Kwa hivyo ni hii Lateksi imepanga hesabu zangu zote?" akauliza.

Vidole vya fundi vikasimama. "Mwarimu, usiende kuniaibisha huko. Hiyo ya mwisho si eksi bana, ni herufi ya Kigiriki, inasomwa kh. Profesa aliyeanzisha hii kitu alikasirika vile kitabu chake kilipangwa vibaya, akakaa miaka akitengeneza njia yake mwenyewe. Si tuiite vile alitaka?" Akaonyesha mlango wa nyuma. "Hebu ita bibi yangu. Nakhumicha."

"Nakumicha!" Nyaguthii akaita. Hakuna aliyeitika.

"Hiyo kh itoe kooni, kama umekwamwa na mwiba wa samaki."

Akaita tena, koo likakwaruza, na huko nyuma sauti ikaitika, "Eeeh! Nakuja!"

Fundi akatabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. "Umeipata. Sasa sema Ratekh."

Nyaguthii akakwama kwenye herufi ya kwanza, ambayo pale kwenye karatasi ilikuwa L. Akayatazama yale macho yaliyokuwa yakimngoja, kisha akasema taratibu, kwa kh safi kabisa, "Ratekh."