Mafuta ya Mbuzi kwenye Msumeno wa Baba

Mpaka leo mtu akikaanga nyama ya mbuzi yenye mafuta mengi, mimi huondoka jikoni. Wanangu hudhani ni maringo ya uzee. Si maringo. Harufu ile hunirudisha moja kwa moja kwenye karakana ya baba yangu, ukingoni mwa mto Lualaba upande wa Kasongo, katika ile miaka ya mwisho ya Wabelgiji. Humo mafuta ya mbuzi yaliyooza yalichanganyika na unga wa mbao, moshi wa mota na jasho la wanaume, mpaka ukivuta pumzi unahisi umelamba kitu. Nzi wa pale walikuwa wanene na wavivu. Walikutulia mdomoni na hawakuruka upesi ukiwafukuza, maana miguu yao nayo ilikuwa inanata. Nilikuwa msichana mdogo, ndiyo kwanza nimeanza kufungwa kitambaa kichwani, na kila nilipompelekea baba chakula nilibana pumzi tangu mlangoni. Nikitoka nilitema mate mpaka koo likauma.

Baba alizaliwa Nyangwe, katika ukoo wa wachongaji mitumbwi. Kwao mtumbwi mpya hauingii majini hivihivi. Mbuzi huchinjwa kwa bismillahi, majirani wakala, na kipande cha mafuta kikapakwa kwenye pua ya mtumbwi, pale unapopasua maji, ili mto uupokee vizuri. Sina ugomvi na desturi hiyo. Mtumbwi hupakwa mara moja, kisha mto wenyewe unaosha. Shida ilianza baba alipoletewa mashine. Mfanyabiashara mmoja Mbelgiji, ambaye watu walimwita Bwana Pamba kwa ajili ya biashara yake, alitaka boti kubwa ya mbao ya kubebea magunia, akamkabidhi baba msumeno wa meza. Ulikuwa meza ya chuma yenye sahani ya meno inayochungulia katikati, na mota ya kuizungusha kwa mkanda. Kando ya sahani palikuwa na chuma kirefu cha kuegemezea ubao unaposukumwa, ili upasuke kwa upana uleule mwanzo hadi mwisho. Chuma hicho kilikuwa na mguu ukingoni mwa meza, na mguu ulikazwa kwa skrubu. Baba aliuzunguka msumeno, akautazama kama anavyotazamwa ng'ombe wa kununuliwa, akaamua kwamba pua yake ni pale kwenye mguu. Akapapaka mafuta, na watu wakasema amina.

Kazi ya msumeno ilikuwa kupasua lati, yaani vile vipande virefu vyembamba vinavyopigiliwa ndani ya boti kufunika maungio ya mbao, juu ya pamba na ulimbo. Lati ikiwa sawa, maji hayapiti. Ikiwa nene hapa na nyembamba pale, haikai vizuri, na boti inakunywa maji kama mgonjwa wa homa. Lati za mwanzo zilitoka vizuri. Kisha zikaanza kuharibika. Zilianza nyembamba, zikaenda zikinenepa, na zingine zilitoka na alama nyeusi za kuungua. Baba alinoa meno, akabadili mkanda, akabadili hata ubao. Wapi! Ndipo akasema mashine imechoka kungoja haki yake, akachinja mbuzi mwingine, akapaka tena. Lati zikazidi kupinda. Akapaka tena na tena. Unga wa mbao ulinasa kwenye mafuta, mafuta mapya yakawekwa juu ya unga, na pale kwenye mguu pakaota kitu kama uvimbe, cha rangi ya kahawia, chenye nywele za mbuzi ndani. Siku moja nilikiona kinacheza. Nilisogea kutazama, kumbe ni funza. Nilitapikia kwenye rundo la maranda, na baba akanifokea kwamba nachafua mahali pa kazi. Mahali pa kazi! Hata sasa nikikumbuka neno hilo nacheka kwa hasira.

Bwana Pamba alikuja na kofia yake, leso ameibana puani. Nami nilimwona mjinga kama wengine, maana aliinusa ile karaha asiulize inatoka wapi. Aliinua lati, akaitazama kwa jicho moja, akaitupa chini.

"Hii iko mubaya yote," alisema. "Mto ikijaa, boti haiko, mimi nabeba mashini yangu."

Tangu hapo nyumbani hapakukalika. Baba hakulala, hakula, na aliyemsikiliza alikuwa mtu mmoja tu, dada yake, Shangazi Mwavita, tuliyekuwa tukiishi naye. Shangazi hakuwahi kumpenda mama yangu. Mama alikuwa Mbangubangu wa upande wa Kabambare, hakuwa wa familia za mji, na kwa Shangazi hilo lilikuwa kosa tosha. Wachongaji wa Nyangwe walikuwa na mwiko kwamba mwanamke haruki mbao za chombo ambacho hakijaonja maji. Shangazi aliungoja mwiko huo kama paka angojavyo panya, kisha akauleta sebuleni, sote tukiwa tumekaa kwenye mkeka.

"Miye niliona na macho yangu," alisema. "Ule mwanamuke aliruka mbao ya boti, na ndoo yake ya maji kichwani. Sasa munashangaa nini?"

"Sikuruka kitu, wifi," mama alijibu. "Nilipita kando. Zaina alikuwa na miye, mumuulize."

Hakuna aliyeniuliza. Nilisema bila kuulizwa kwamba mama alipita kando, na Shangazi akaniambia ninyamaze, mtoto wa mama. Baba alikuwa akitazama vidole vyake. Kucha zake zilikuwa na yale mafuta meusi, na kwa kucha hizohizo alikuwa ametoka kula ugali. Alisema bila kuinua macho:

"Mama Zaina, rudia kwenu kwanza. Kazi ikiisha, nitatuma mutu."

Kila mtu alijua maana ya maneno hayo. Mwanamke aliyerudishwa kwao kwa ajili ya mkosi hatumiwi mtu. Mimi ningebaki, kwa kuwa watoto ni wa baba. Nililia mpaka nikawa sina sauti, na mama hakulia hata kidogo. Kamio, yaani lori, la kwenda Kabambare lilikuwa linaondoka Ijumaa mchana.

Ijumaa hiyo wanaume walipokwenda msikitini, mama alinishika mkono. Alichukua sufuria ya maji ya moto, majivu ya jikoni na kisu kibovu. Nilidhani anataka kuiharibu mashine, na nilifurahi. Tulipoingia karakanani alifunga kanga puani na kusimama akiitazama ile meza.

"Nafukuzwa sababu ya hii uchafu," alisema. "Basi nitaiona vizuri."

Alikisukuma chuma kirefu kwa kidole kimoja. Kikasogea. Skrubu ilikuwa imekazwa hasa, lakini mguu wake ulikuwa umekalia mafuta, ukiteleza kama mguu wa mtu kwenye tope. Mama alinitazama, nami nikamtazama. Kila ubao uliposukumwa, chuma kilikuwa kinakimbia kidogokidogo, na lati inanenepa. Kila sadaka ya baba ilikuwa imeongeza utelezi. Mama aliukwangua ule uvimbe, ukaanguka chini na funza wake. Akasugua kwa majivu, akamwaga maji ya moto, mimi nikapangusa kwa gunia huku nikijikaza nisitapike. Alipokaza tena skrubu tulisukuma chuma sote wawili kwa mikono yote, na hakikutikisika.

Baba alitukuta pale. Alikasirika kwanza kwamba mwanamke ameigusa mashine.

"Baba Zaina, haina mukosi," mama alimwambia. "Ilikuwa chafu. Mafuta ilifanya chuma iteleze. Ujaribu tu."

"Kamio inakungoja," baba alisema.

Mama akaondoka na mzigo wake wa nguo kichwani. Mimi nilizuiwa kumsindikiza. Jioni hiyo baba aliwasha mota, akapasua lati moja, kisha nyingine. Zilitoka sawasawa kama zimepimwa kwa kamba. Shangazi alipiga vigelegele.

"Munaona? Kamio haijafika hata njiani, mashini imenyooka!"

Nilipiga kelele kwamba mama ndiye aliyeiosha. Baba aliinama kwenye mguu wa chuma. Majivu yalikuwa bado kwenye pembe ya meza. Aliyagusa, akayasaga kati ya vidole, akanitazama. Alijua. Nawaambia, alijua. Kisha akajifuta mkono kwenye suruali na kusema mtoto apelekwe nyumbani.

Boti ilimalizika, Bwana Pamba akafurahi, baba akaachiwa mashine na akawa fundi mwenye jina. Hakuna mtu aliyetumwa Kabambare. Mama alifia huko, na baba akaoa mwanamke aliyechaguliwa na Shangazi. Nimesikia watu wakisema hasira huisha na miaka. Yangu imebaki, nayo ni kichefuchefu zaidi kuliko hasira.

Juzijuzi nilipita karakanani kwa mtoto wa mdogo wangu aliyezaliwa na yule mke wa pili, mjukuu wa baba. Ana msumeno mpya unaotumia jenereta, na harufu ya mle ndani ni ya mbao tu, harufu nzuri. Kabla ya kupasua lati alichukua kitambaa kikavu, akapangusa mguu wa chuma kwa uangalifu, akakisukuma chuma kwa kidole kuona kama kinasogea. Nilimuuliza nani alimfundisha hivyo.

"Babu," alisema kwa fahari. "Alifundisha mafundi wote wa hapa. Alisema mafuta isiguse pale hata kidogo."



"Akili hiyo si ya babu yako," nikamwambia. "Hiyo ni ya bibi yako wa Kabambare."

Alinitazama kwa heshima, kitambaa bado mkononi.

"Bibi gani, Shangazi?"

Nikamwambia azime jenereta kwanza, kisha aketi nimsimulie.