Salamu na Neno, Mashua Moja

Nakumbuka siku moja huko Opala, nimesimama juu ya kichuguu nyuma ya soko, mahali pekee simu yangu iliponasa mtandao, nikisoma ujumbe kutoka Kisangani wa tonton Assani, mzee tuliyemwita mjomba: "Bonjour mama. Uko?" Nilijitazama miguu. Nilikuwapo, ndiyo, lakini kwa nini aniulize?

Unacheka, mwanangu. Wewe unafanya kazi na watu ambao hujawahi kuwashika mkono, mmoja analala wewe ukiamka, na jana ulilalamika kwamba hawakujibu. Kazi yako siielewi vizuri, nakiri. Lakini kukasirikia simu iliyonyamaza, hilo nalijua.

Sisi tulikuwa watatu. Mama Feza alikata vipando vya muhogo kule Yangambi, tonton Assani alitafuta mashua, na mimi nilivipokea Opala nikawagawia wakulima, ambao walikuwa wamekwisha kulima na wanangoja. Kipando kilichokatwa hakina subira. Kikikaa juani kinakauka, na msimu wa mtu umekwenda.

Tonton Assani alizaliwa katika nyumba za zamani za Waislamu wa mjini, na kwake kutaja shida kabla salamu haijajibiwa ni utovu wa adabu. Hata kwenye simu alibisha hodi. Mimi nami nililelewa vivyo hivyo: mkubwa akikuita, unaitika na kungoja aseme. Basi nikaandika, "Ndiyo tonton, niko," nikashuka. Yeye saa hizo alikuwa bandarini. Nilipopanda tena nikakuta: "Aksanti. Famille iko muzuri?" Nikajibu familia iko. Kesho yake: "Alhamdulillahi. Na papa, ameamka?" Baba alikuwa ameamka. Nikashuka nikijiuliza kama mzee amenikumbuka tu, au kuna msiba anaogopa kunitajia. Kumuuliza anataka nini sikuthubutu.

Aliyetufungua macho ni Mama Feza. Alinipigia nikiwa juu ya kichuguu, bila hodi.

"Ulishakamata muzigo?"

"Muzigo gani, mama?"

"Mashua iliharibika, donc vipando vilibaki njiani, Isangi. Assani hakukuambia?"

"Aliniuliza habari ya papa."

Akasema, "Zamani barua ilikuwa inapanda mashua, bateau. Salamu na maneno vilikuwa vinaenda pamoja. Nani alituma salamu ku bateau ya leo, maneno ku bateau ya mwezi ingine? Na weye, mutu akikuita akanyamaza, kinywa yako iko na kufuli?"

Wahenga walisema barua ni nusu ya kuonana. Sisi tulikuwa tunatuma anwani tupu.

Tulivifuata vipando kwa mtumbwi. Vingi vilikuwa vimekauka kuwa kuni. Mama Bolumbu, mjane aliyekuwa ameandaa shamba lake lote, alipata fungu dogo tu. Akasema aksanti. Iliniuma sana, na mpaka leo sielewi kosa lilikuwa la nani. Tonton alikuwa na adabu, mimi nilikuwa na adabu, na mwanamke yule akakosa muhogo.

Kwa hiyo msalimu mwenzako, mwanangu, usiwe mkavu. Lakini ndani ya ujumbe huohuo sema una nini, unataka afanye nini, mwisho lini, na wewe utaendelea vipi asipojibu. Atakayeamka wewe umelala akute kazi, asikute hodi. Nawe ukipokea salamu tupu, itikia na uulize papo hapo, maana kuuliza si ujinga, na chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Hao wenzako huenda hawakukudharau. Huenda nao wamesimama juu ya kichuguu, hawajui unawataka nini.

Hebu nionyeshe ulichowaandikia jana.

"Bonjour. Muko?"

Haya. Kaa hapa, ongeza neno lenyewe, nami nitakungoja. Mungu akubariki, mwanangu, akufungulie mtandao na kinywa pia, na asiwepo mtu wa kukungoja shamba lake likiwa wazi.