Bibi Harusi Njiani Karak

Tangu baba yao afariki, Mufid, mkulima wa nyanya kule bondeni kando ya Bahari ya Chumvi, alikuwa akisema kwamba siku dada yake atakapoolewa atampeleka mwenyewe kwa gari la marehemu. Siku ikafika. Katikati ya mlima wa Karak, wakipanda kwenda kwa bwana harusi, injini ikanguruma, lakini gari halikwenda.

"Maji yamechemka?" dada yake Rudayna aliuliza kutoka kiti cha nyuma, shela limemjaa mapajani.

"Mshale wa joto haujapanda. Si injini."

Alifungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi. Ilikuwa nyeusi tii, inanuka kama mkate ulioungua. Hapo akaelewa: giaboksi otomatiki ile kuukuu ilikuwa imechemka mpaka sahani za ndani zimeungua, hazishiki tena. Hata kuongeza oili kusingesaidia.

"Tusubiri ipoe, kaka."

"Haya, tusubiri," alisema, ingawa alijua haitasaidia. Ilipopoa, gari lilisogea kidogo, kisha likaanza kurudi nyuma. Akavuta breki ya mkono.

Watu wa bwana harusi walishuka kuwatafuta, honi zikilia. "Mufid, mbona gari lako limemng'ang'ania bibi harusi wetu!" mmoja akacheka.

Rudayna akahamia kwao. Kabla ya kupanda alimbusu kaka yake mkono uliojaa oili, shela likachafuka, wala hakulifuta. Mufid hakuweza kuliacha gari barabarani. Lori la kuvuta lilipofika, kule juu harusini mansaf, wali na nyama ya kondoo ya karamu, ilikuwa imeshaliwa.