Mitungi Minne Niliyoijaza Nusu

Enzi zetu pale mtaa wa Umoja maji yalikuwa na siku yake, Alhamisi, na sauti ya bomba tuliijua kuliko kengele ya shule. Lilianza kwa kukohoa, likatema kutu, kisha ploti nzima, vyumba vyote vya kupanga vya ua mmoja, ikatoka mbio na mitungi ya manjano. Foleni ikisonga, sisi wasichana tulicheza kati, mchezo wa kumlenga aliye katikati kwa mpira, nao mpira ulikuwa soksi kuukuu iliyoshindiliwa nailoni, na harufu ya mandazi ikitoka kwa jirani.

Jumapili moja, katika shule ya Jumapili, mwalimu alitusimulia mfano wa wanawali kumi: watano walibeba mafuta ya akiba, watano hawakubeba, taa zao zikazimika, na walipoomba mafuta wakanyimwa. Mimi, ambaye tangu utotoni sijui kuacha jambo lipite, niliinua mkono. "Mwalimu, wale wenye busara walikataaje kugawa? Si hiyo ni roho mbaya?" Alicheka, akasema nikikua nitaelewa.

Sikuhitaji kukua. Jumamosi iliyofuata ilitosha.

Wiki hiyo ilikuwa zamu ya Mama kupokea chama, kikundi chao cha akina mama cha kuchangiana pesa. Wanawake ishirini wangekuja Jumapili baada ya kanisa, na aliyeishiwa maji mbele ya wageni hao angesemwa hadi Krismasi. Alhamisi niliachiwa mitungi sita. Nilijaza miwili, mchezo ukanoga, ile minne nikaitia nusu, nikaifunga vizuri na kuipanga nyuma ya mlango. Jumamosi asubuhi Mama akainua mmoja. Ukapanda kama kikapu kitupu.

Hakunichapa. Afadhali angenichapa. Alinipa jagi.

"Nekesa, piga hodi kila mlango. Usiseme maji yaliisha. Sema ulichofanya."

Ploti yetu ilikuwa na milango kumi na minane. Wa kwanza ulikuwa wa Mama Mutua, mke wa dereva, ambaye mwanawe nilisoma naye shule ya Jumapili. Nilipomwambia nilichofanya, alicheka hadi akashika ukuta. "Kumbe ndiyo maana uliwatetea wale wanawali wapumbavu! Ulikuwa unatetea ukoo wako!" Kisha akanijazia jagi mpaka likamwagika. Mama wa mlango wa mwisho, aliyekuwa na mapacha wachanga, alitikisa kichwa. "Pole, mwanangu. Nikikupa, nepi za hawa nitafua na nini?" Nilimtazama nikitafuta roho mbaya, sikuiona. Niliona mtu aliyeipanga Alhamisi yake.

Kufikia adhuhuri mitungi ilikuwa imejaa. Kesho yake chama kikaja, kikala, kikanywa chai kwa maji ya ploti nzima. Wageni walipoondoka Mama aliniita. "Maji wamekusaidia. Lakini zile hodi ulipiga mwenyewe, na hukudanganya hata mlango mmoja." Hadi leo sijapewa cheti kinachoyashinda maneno hayo, na vyeti ninavyo.

Sasa naishi ghorofani, mtaa wa Pipeline. Vijana wa mlango wa pili nikiwasimulia haya, wananishangaa: "Si mngeagiza tu kwa simu?" Kweli, maji huletwa kwa mkokoteni, na wao wanajua kuagiza kila kitu isipokuwa chumvi ya jirani. Mimi nami huwaza mara tatu kabla ya kuwasalimu majirani wengine kwenye ngazi. Najivunia kwamba nililelewa na milango kumi na minane, na nilijua kilichochemka nyuma ya kila mmoja. Hapa milango ni mingi zaidi, na nikikosea leo, sijui nitaenda kumwambia nani.