Mtungi Uliosafishwa Mno

Ni saa kumi na mbili na robo asubuhi katika ua mmoja wa Katuba, Lubumbashi. Mama Régine Katongo anachovya kidole kwenye uji wa mahindi uliojaa mtungini, anahesabu polepole. Akifika tano bila kupiga kelele, uji umepoa vya kutosha na mizizi ya munkoyo inaweza kuingia.

"Kama iko moto sana, ile mizizi inakufa. Kama imepoa sana, inalala," anasema huku akipuliza kidole.

Mama huyu wa miaka hamsini na sita anapika munkoyo tangu usichana wake, na kinywaji hicho kimesomesha watoto wanne. Mizizi, inayochimbwa porini upande wa Lukafu, huufanya uji mzito kuwa mwepesi na mtamu. Uchachu huletwa na wengine kabisa: vijidudu visivyoonekana, vinavyoishi kwenye udongo wa mtungi. Ndiyo maana kwa miaka kumi na tisa mtungi huo haukuwahi kuonja sabuni. Ulisuuzwa kwa maji tu, na munkoyo kidogo iliachwa chini ianzishe ya kesho.

Mwezi wa nane uliopita mtungi ulipata mkwe.

Plamedie ni muuguzi kijana aliyeolewa na Aimé, mtoto wa kwanza wa Mama Régine, na aliingia nyumbani na moyo wa kusaidia. Jumatano moja, mama mkwe akiwa sokoni, alichungulia mtungini, akaona utando wa kijivu, akashtuka. Aliusugua mtungi mara tatu kwa Javel, dawa kali ya kuulia vijidudu.

"Niliona mamicrobes mingi, mama! Ku hôpital tunaziuaka!" anajitetea hadi leo.

"Ile mamicrobes njo bantu bangu ba kazi!" anajibu Mama Régine, akiwatetea wafanyakazi wake, na majirani wanacheka upya kana kwamba hawajaisikia.

Siku ile hakuna aliyecheka. Jumamosi kulikuwa na harusi mtaani, na familia ya bwana harusi ilikuwa imeagiza munkoyo bidoni tano, madumu makubwa yaliyojaa. Alhamisi Mama Régine alipika kama kawaida. Ijumaa asubuhi alionja, akaona ni tamu tu, haina uchachu hata chembe.

"Ilikuwa bouillie ya batoto," anasema, yaani uji wa watoto. Wageni wangekunywa mara moja na kumsimanga miaka kumi. Jina lake lote lilikuwa ndani ya mtungi ule, na aliogopa sana.

Munkoyo yake ya zamani ilibaki mahali pamoja tu: kwa Hortense, mtaa wa pili. Mama Régine ndiye aliyempa kikombe cha kuanzia alipomfundisha kazi. Kisha Hortense akatangaza sokoni kwamba yake imeishinda ya mwalimu wake, na kwa miaka mitatu hawakusalimiana, hata kwenye kwaya ya kanisani, ambako wanaimba sauti moja.

Mama Régine alifunga kitenge chake kizuri, akaenda na kikombe. Alimkuta Hortense na wateja saba. Alieleza shida yake kwa maneno machache iwezekanavyo. Hortense akakijaza kikombe.

"Kunywa kwanza, Ya Régine," alisema, akimwita kama dada mkubwa. "Sema mbele ya bantu: iko muzuri ao haiko muzuri?"

Mama Régine alikunywa chote.

"Iko muzuri," alisema, kwa sauti ya mtu anayeungama dhambi. Wateja walipiga makofi.

"Na ilikuwa muzuri kweli," anakiri leo, uso umekunjamana. "Ile njo ilinikasirisha zaidi."

Hortense hakucheka. Aliingia ndani, akarudi na bidoni nzima badala ya kikombe, akamtwika. Mama Régine anasema alilia njiani, ila kwa ndani tu, maana mzigo ulikuwa mzito. Aliimimina mtungini, kesho yake munkoyo ilichachuka vizuri, na wageni waliimaliza kabla bukari, ugali wa huko, haijaletwa.

Sasa anapanga kufungua kibanda chake mjini, karibu na maofisi. Kusuuza mtungi ni kazi ya Plamedie, kwa maji peke yake. Kila Ijumaa yeye na Hortense hubadilishana kikombe, ili munkoyo ya mmoja ikifa, iwe hai kwa mwenzake. Maneno bado ni machache.

"Lakini kila Jumapili namuombeaka," anasema Mama Régine. "Mungu amupatie uzima, amupatie miaka mingi."

Anaukoroga uji, kisha anaongeza:

"Bateja, amupatie kidogo tu."