Mbwa wa Baba na Ndege ya Entebbe

Baba alikubali kwenda kuishi kwa dada yangu Ubelgiji kwa sharti moja: mbwa wake aende naye. Tulimcheka. Kwetu Butembo mbwa analala nje na anakula mabaki. Nani amesikia mbwa amekatiwa tiketi? Baba hakucheka. Mama alipouawa na waasi katika shamba lao la kakao, upande wa Beni, baba alitoka porini na mbwa huyo tu. Miaka yote aliyopanga chumba kule Beu, mjini Beni, hakuwa na mwingine wa kuzungumza naye jioni.

Basi dada akakubali. Mbwa akachanjwa, akatiwa chipu chini ya ngozi, sanduku la plastiki likaletwa kutoka Kampala. Mimi nilinung'unika kila hatua, maana ndimi niliyekimbizwa huku na huku. Lakini nikaona baba ameanza kunyoa ndevu tena, nikanyamaza.

Tulivuka mpaka pale Kasindi, tukalala karibu na uwanja wa ndege wa Entebbe. Asubuhi mbwa alikuwa mzito, nikadhani ni uchovu wa njia. Pale uwanjani daktari wa mifugo alimmulika macho, akamsimamisha. Miguu ya nyuma ikakunjika. Akauliza amepewa nini.

"Kasiksi," baba akajibu bila kuficha. "Kidogo tu. Njo vile banafanyaka na nguruwe."

Ni kweli. Wanaoleta nguruwe kwa pikipiki kutoka Alimbongo huwanywesha pombe hiyo ya ndizi, ili walale kimya nyuma ya dereva. Kwetu hakuna anayeona ubaya wowote. Baba hakutaka mbwa wake aogope gizani, chini kwenye mizigo.

Daktari alieleza kwa upole kwamba mnyama aliyeleweshwa hapakiwi, anaweza kuacha kupumua huko juu. Nilimsihi, kisha nikampandishia sauti, bure. Kumtuma mbwa baadaye pia hakukuwezekana: hawachukui mbwa ambaye mwenyewe hayumo ndani ya ndege. Na viza ya baba ilikuwa karibu kuisha muda.

"Papa, enda tu," nikamwambia. "Imbwa itabakia na miye."

"Miye njo niliilewesha," akasema. "Miye mwenyewe, na mukono yangu."

Alipiga magoti kwa shida, akapenyeza vidole kwenye wavu wa sanduku. Mbwa akavilamba macho yakiwa yamefumbwa. Kisha mfanyakazi mmoja akamshika baba mkono, wakaenda.

Mbwa alizinduka tulipokuwa tumeshavuka Kasindi kurudi kwetu. Nikamtoa sandukuni akojoe. Akanusa viti vya gari, akanusa viatu vyangu, halafu akaanza kuvuta kamba kuelekea tulikotoka, akilia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nilimshikilia kwa mikono miwili. Nami nililia, kando ya barabara, malori yakitupita.

Jumapili baba alipiga simu. Hakuuliza habari zangu wala za nyumba.

"Wakati iliamuka," akasema, "ilinitafuta?"

Nilitaka kumdanganya. Lakini baba anaijua sauti yangu, na mimi nimeshachoka na uongo wa kutulizana ambao tumeambiana tangu mama afe.

"Ndiyo, papa. Ilikutafuta."

Baba akampa dada simu, na tangu siku hiyo hajamuulizia mbwa tena.