Wimbo Ulioninyang'anya Shosho

Mimi nimebeba jina la marehemu babu, kwa hivyo kwa desturi ya kwetu mimi ni mume wa Shosho, nyanya yangu. Tangu nikiwa mdogo huniita "mzee wangu", hunitolea kipande cha kwanza cha nyama kutoka sufuriani, na nikichelewa kurudi nyumbani hunikemea kama mtu aliyetoka kunywa. Basi hii ni habari ya mume aliyenyang'anywa mke na msichana wa Bungoma.

Shosho ana ugonjwa wa Parkinson. Mkono wake wa kulia hutetemeka kama unapepeta mahindi yasiyoonekana, lakini hilo tulishazoea. Taabu ni miguu. Anatembea vizuri tu, halafu akifika mlangoni, au pale geti letu la mabati hapa Tuwan, Kitale, linapobana, miguu inaganda. Kichwa kinasema twende, miguu inauliza nani, sisi? Ukimvuta anaanguka. Ukimhimiza anaganda zaidi.

Dawa niliigundua mimi, tena kwa utundu. Siku moja aliganda kwenye mlango wa jikoni, nikaweka mguu wangu mbele ya wake na kumwambia, "Shosho, huo ni mto Nzoia. Vuka." Nilitaka acheke tu. Yeye akainua mguu juu, akauvuka wangu, na kuendelea mpaka kwenye kiti kama mtu aliyechelewa mkutano. Tangu hapo nikawa mto rasmi wa nyumba. Akiganda, anaita, "Mzee, leta mto." Hata baba akiwa katikati ya kunifokea kuhusu matokeo ya hisabati, ilibidi aniachilie nikafanye kazi. Hicho ni cheo, bana. Wengine ni maprifekti, mimi nilikuwa mto.

Mwaka huu nikiwa shule ya bweni, shangazi yangu aliyeolewa Bungoma akamchukua Shosho akae kwake. Kulikuwa na mwalimu wa muziki huko ambaye kila Jumamosi hukusanya wazee wenye magonjwa ya ubongo katika ukumbi wa kanisa na kuwatibu kwa nyimbo. Niliposikia nilicheka. Nikauliza kama watampa pia kaunda suti ya kwaya.

Tulipofunga Desemba nikatumwa Bungoma kumleta nyumbani. Nilifika ukumbini nikiwa na vichekesho vyangu tayari mfukoni. Kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa akimwuliza mama aliyeketi kando yake, kwa adabu kabisa, wewe ni nani. Yule mama alikuwa mke wake. Mwalimu akatikisa kayamba, kwaya ndogo ya wazee ikaanza, na yule mzee akaimba wimbo wote, ubeti kwa ubeti, huku amemshika mke wake mkono kama kijana anayeringa. Kichekesho nilichokuja nacho nikakirudisha mfukoni.

Halafu nikamwona Shosho. Mbele yake alikuwa binamu yangu, binti ya shangazi, umri wangu, sauti ya kumfanya mtu atoe sadaka mara mbili. Alikuwa anatembea kinyumenyume akipiga makofi na kuimba kwa Kikuyu wimbo ambao sikuwahi kuusikia. Shosho anamfuata. Wakafika mlangoni. Mlango, tena wenye kizingiti. Nikasogea, mguu wangu tayari. Shosho akapita kama hakuna mlango, akaenda nje, akazunguka mti, akarudi.

Mwalimu akanieleza kwamba ugonjwa huu huharibu kile kitu kichwani kinachoihesabia miguu, na wimbo wenye mwendo sawa huihesabia kutoka nje. Kila mgonjwa huulizwa wimbo uliomwingia mwilini akiwa kijana. Wa Shosho ulikuwa wa kupalilia, waliouimba wasichana wakiwa wamejipanga mstari shambani, jembe moja chini, jembe moja juu. Binamu ndiye aliyemwuliza, akajifunza neno kwa neno. Mimi nimelala miaka hiyo yote nyuma ya ukuta wa chumba chake na sikujua kama ana wimbo.

Binamu akaja nasi Kitale kwa likizo. Hapo ndipo nilipojua wivu una njaa, maana nilikuwa nao asubuhi kabla ya chai. Aliimba Shosho akienda chooni, akaimba akirudi, akaimba akiingia jikoni. Siku moja nikauweka mguu wangu mlangoni kama zamani. Shosho akaja akiimba na kunikanyaga kidole. Nikamwuliza, ati mto umekauka? Hakusikia. Alikuwa ameingia ubeti wa pili.

Nikajaribu kuimba mimi. Shuleni mwalimu wa kwaya aliniomba niwe nafungua tu mdomo na kuufunga. Shosho alisimama akanisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, halafu akasema, "Mzee wangu, pumzika."

Nikabaki na kumcheka binamu. Nikamwigiza vile anavyosema "halaka" badala ya haraka, na vile anavyofumba macho kwenye noti za juu kama mtu aliyeingiwa na sabuni. Hakukasirika. Alinimiminia chai, akasema, "Wewe uko na wivu, na wivu yako ni ya kiatu kilichoachwa mlangoni." Ningevumilia. Lakini Shosho alicheka mpaka chai yake ikamwagika.

Sasa, kilichokuwa kinamkosesha Shosho usingizi ni Jumapili ya mavuno. Siku hiyo kila mtu hupeleka mbele ya kanisa alichovuna, akicheza na kuimba. Mwaka uliopita aliganda kabla hata ya kutoka kwenye kiti, na shemasi akambebea gorogoro yake, ule mkebe wa kupimia, ikiwa imejaa mahindi. Siku hiyo hakula. Safari hii mahindi kutoka shamba letu la Naitiri yalikuwa yameanikwa vizuri, naye alikuwa ameshasema, "Nitapeleka na miguu yangu, ama nisipeleke." Baba akauliza nani atamsindikiza. Mimi nilikuwa nimeshapaka viatu rangi tangu jana. Shosho akamwonyesha binamu kwa kidole.

Binamu alikuwa amepatana na kwaya waimbe kwa mwendo wa jembe. Wakaanza vizuri. Shosho akatoka, gorogoro kifuani, binamu mbele yake. Nilikaa kwenye benchi la vijana nimenuna. Halafu kanisa likamwona. Wakaona mama mzee, mgonjwa, na zawadi yake, na kwa sababu ni watu wazuri, wakaanza kumhurumia. Wimbo ukapoa. Wakauvuta, wakaulainisha, wengine wakifuta machozi, ili mama asiharakishwe. Kadiri walivyomhurumia ndivyo wimbo ulivyozidi kulala, mpaka miguu ya Shosho ikaganda katikati ya kanisa, kando ya benchi la akina mama.

Binamu akapiga makofi. Lakini nani atasikia mikono ya msichana mmoja kanisa zima likiimba kwa upendo? Moyoni nikasema, eeh, leo tutaona. Halafu gorogoro ikaanza kutetemeka, punje zikaanguka kwenye simiti, na shemasi akainuka na mikono yake mbele, tayari kubeba. Shosho akamwona. Akageuza uso akatafuta kwenye mabenchi.

"Mzee," akasema. "Leta mto."

Nilienda mbio. Nikaweka mguu, akavuka. Hatua moja, akaganda. Nikaweka tena, hatua moja. Kwa mwendo huo tungefika mavuno ya mwaka ujao. Mguu wangu ulikuwa unampa hatua, haukumpa safari. Na shemasi bado anakuja. Ikabidi nimgeukie yule ambaye sikutaka hata kumwangalia.

"Imba," nikamwambia. "Ile yenu ya jembe, si hii yao."

Alinitazama kwanza kuona kama ni mzaha. Halafu akaimba kwa nguvu zote, macho wazi, nami nikapiga kiatu sakafuni, jembe chini, jembe juu, mpaka mpiga ngoma akaushika mwendo wetu. Mguu wangu ukaenda mbele mara ya mwisho. Shosho akavuka, na hakusimama. Alifika, akamimina mahindi kwa mikono yake mwenyewe, na shemasi akabaki na mikono yake.

Kila mtu akampongeza binamu. Ati ana kipawa. Mimi nikaambiwa niokote punje zilizomwagika kabla kuku wa sadaka hawajazifikia. Nikapiga magoti kwenye njia, na Shosho akaja akirudi, akiimba, amemshika binamu mkono. Hakuwa ameganda hata kidogo. Lakini alipofika kwangu akainua mguu juu sana, akauvuka mkono wangu, na kumwambia binamu kwa sauti, "Mto umejaa leo."

Benchi lote la akina mama likaangua kicheko. Utani huo ulikuwa wangu. Hata hakuniomba, na aliupiga vizuri kunishinda.